Tone Linaloharibika Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa zahanati kaniambia niandike. "Mama Chiriku, wewe unamwona mtoto kila siku, huwezi kujua kama kovu linabadilika. Andika, halafu ukirudi unisomee." Mwandiko wangu ni kama kuku kaparura, na shule tuliachana mapema, lakini haya, naandika.

Kovu liko mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Limeinuka kama kamba iliyoshonewa chini ya ngozi. Linamwasha hasa akitoka jasho. Mwenyewe ana miaka minne na nusu, anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkatie neno katikati, ndiyo maana tunamwita Chiriku.

Leo nimeanza kumpaka vitamini E. Kazini kwetu tunajaza mafuta ya mwili kwenye chupa, na kila chupa ina lebo ya herufi za dhahabu: YENYE VITAMINI E. Wateja wanaamini, na mimi ninayebandika lebo naamini kuwashinda. Nimenunua duka la dawa vile vidonge vyake vya mafuta, vinang'aa kama macho ya samaki. Unatoboa kwa pini, unakamua, unapaka. Chiriku kasema vidonge vinalia.

Mvua ya kwanza imenyesha jioni hii. Nimeichukua kuwa heri.

Jumatano, 5 Machi

Haya ya leo muuguzi sitamsomea.

Chai ilimwagika mwezi wa kwanza. Mimi nilikuwa kazini, mume wangu yuko karakana yake ya useremala, mama mkwe kabaki na mtoto. Sufuria lilikuwa mezani, likateleza. Mama mkwe alimbeba mjukuu wake mgongoni, peku, mpaka zahanati, na watu waliomwona wanasema alikuwa anakimbia kama msichana. Jioni mume wangu alisimama mlangoni akamwambia, "Mama, nenda ukakae kwa kaka. Utarudi siku kovu la mtoto wangu likifutika."

Mama mkwe hakubisha. Alikunja nguo zake, akamfunika mtoto vizuri, akaondoka. Siku ile nilimwona mume wangu ana haki. Mtoto akilia namna ile unataka awepo wa kulaumiwa, moyo upate pa kukaa.

Lakini kila asubuhi Chiriku anauliza, "Bibi anarudi leo?" Na neno la mume wangu ni kama msumari wake, likishaingia halitoki bila kupasua ubao. Basi njia ni moja tu. Kovu lifutike.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimepaka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepaka. Naona kama limelainika. Au ni macho ya mama.

Alhamisi, 20 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Anajua saa ambazo mwanawe hayupo nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chiriku wangu anakula?"

"Anakula, na huku anaongea."

"Hiyo karithi kwa babu yake. Yule mzee alikuwa akianza habari, nzi wanamhama."

Tukacheka. Kicheko chake kikageuka kikohozi, kikamchukua muda kukimaliza. Nikamuuliza kama anajipaka mafuta kifuani. Akasema ile chupa niliyompa nilipoanza kazi bado anayo. Ile ilikuwa chupa ya kwanza kuijaza kwa mkono wangu mwenyewe, mwaka juzi.

"Mama jamani, si uyapake!"

"Nimeyaweka. Kitu cha kwanza cha mtoto hakitumiwi hovyo."

Kisha akauliza, "Na mwanangu? Anakula?" Nikamwambia anakula. "Usimwache alale na hasira. Hasira ikilala na mtu inaamka imezaa."

Sikumwambia kwamba mwanawe jina lake halitaji tena.

Jumapili, 23 Machi

Chiriku alivaa gauni la mikono mifupi. Baba yake aliingia, akageuza uso haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Mvalishe mikono mirefu."

"Joto lote hili, Baba Chiriku?"

"Mvalishe."

Baadaye akasema, huku anachonga penseli yake ya kupimia, "Ubao ukiungua unaupiga msasa, alama inatoka."

Nikamwambia, "Mwanao si ubao."

"Nilikuwa nasema tu."

Nimegundua kitu. Tangu siku ile hajautazama ule mkono hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu anamchukia mama yake. Sasa sijui.

Jumapili, 30 Machi

Leo nitaandika polepole.

Paa linavuja juu ya meza. Leo mvua ilipozidi niliisukuma meza kando ili niweke ndoo. Nikaweka kikombe changu juu yake bila kufikiri. Meza ikainama upande, kikombe kikateleza, kikavunjika.

Meza hii aliitengeneza mume wangu tulipooana. Mguu mmoja ni mfupi. Si sana, unene wa kidole tu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anakunja boksi na kulitia chini ya ule mguu, na boksi likichakaa anakunja lingine; leo nilipoisukuma meza, boksi lilibaki nyuma. Alikuwa akinitania, "Mwambie fundi wako. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu wetu hata kioo hana." Na fundi wetu kila akiambiwa alijibu neno moja, "Kesho." Vitanda vya watu vinatoka karakana vimesimama kama askari, meza yetu inachechemea.

Nilikuwa naokota vigae, Chiriku akasema, "Ndivyo ilivyoinama."

"Lini, mama?"

"Siku ya chai. Bibi alikuwa ananifunga viatu. Meza ikainama yenyewe. Bibi akasema yalaa."

Nikakaa chini sakafuni. Nikamuuliza, ulimwambia nani? Akasema, "Nilimwambia Baba. Baba akasema nilale."

Jumanne, 1 Aprili

Mkono wa mtoto umetoka vipele, vyekundu, kovu lote na pembeni yake. Anajikuna mpaka analia. Nilidhani ni mbu. Si mbu.

Alhamisi, 3 Aprili

Muuguzi kaniambia niache vidonge mara moja. Ngozi nyingine zinaikataa vitamini E ikipakwa yenyewe tupu, hasa ngozi iliyoungua. Kanipa dawa ya vipele. Kasema vikikauka nimkande mtoto kwa mafuta ya kawaida, taratibu, kila siku, kovu litalainika na mkono utajikunja vizuri. "Lakini kufutika, Mama Chiriku, usimdanganye mtu. Litakuwa naye."

Kazini nililia kwenye stoo ya chupa. Akanikuta Vipimo, mchanganyaji wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu hata chai yake anaipima kwa kijiko cha dawa. Nikamweleza.

"Shoga yangu," akasema, "unafikiri ile vitamini E tunamwekea nani?"

"Si ngozi? Sisi wenyewe tunabandika."

"Lebo ni ya kumvuta mteja. Kwenye ndoo naweka tone tu, na ninaweka kwa ajili ya mafuta. Mafuta yakikaa, hewa inayala, yanachacha. Sasa ukitia hii, hewa inaila yenyewe kwanza. Inakubali kuharibika yenyewe ili mafuta yabaki mazima. Ikiisha, ndiyo utasikia chupa inanuka."

"Na kovu?"

Akainua blauzi akanionyesha tumbo, alama ya kujifungulia kwa kisu. "Miaka yote nimekaa na pipa la hiyo kitu. Ingekuwa inafuta, si ningekuwa na tumbo la bi harusi?"

Nilicheka huku machozi yanashuka. Niliporudi kwenye meza ya lebo, mikono haikutaka kubandika.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna kupaka. Mvua kutwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetoka kwa shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiko aliko mama mkwe. Nilimwambia mume wangu naenda kumwona mama, na mtoto nakwenda naye. Akaingia ndani akatoka na koti la mvua la Chiriku, akaniwekea juu ya begi.

Shemeji ana watu wengi na nyumba ndogo, simlaumu. Mama mkwe wamempa chumba cha nyuma. Ukuta wake umelowa mpaka rangi inabanduka, ukiuegemea unaachiwa chokaa mgongoni. Amekonda. Nilimjua mwanamke wa kubeba ndoo mbili na bado akasimama njiani kupiga soga, sasa anashika mlango ili asimame.

Chiriku alimrukia. Akavua sweta mwenyewe, akamwonyesha mkono. "Bibi, haiumi tena. Inawasha tu." Mama mkwe aliushika ule mkono kwa viganja viwili kama mtu anayepokea kifaranga. Akauweka shavuni kwake. Hakuongea, na Chiriku naye, mara ya kwanza maishani mwake, akanyamaza.

Mtoto alipotoka kucheza na binamu zake nikasema, "Mama, ni meza."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

"Meza yenyewe. Na Chiriku. Kwa nini hukusema siku ile? Ungemwambia mwanao kwamba mguu ni wake, yeye ndiye hakuutengeneza. Amekufukuza kwa kosa lake."

"Punguza sauti." Akakohoa, akajifuta. "Unadhani hajui? Aliingia, akaliona boksi limechomoka chini ya mguu, limelowa chai. Nilimwona anavyoliona. Uso wake ulikuwa uso wa siku aliyomzika baba yake. Sasa mtu wa namna hiyo ningemwambia nini zaidi?"

"Ukweli!"

"Ukweli anao. Alichokosa ni pa kuutua. Akautua kwangu." Akatabasamu, na meno yake bado mazuri. "Mimi nimemzaa. Mzazi haachi ujusi, uchafu wa mwanawe ni wake. Abebe mwanangu kwamba kamuunguza mtoto wake mwenyewe? Atashikaje randa tena? Mimi mzee, nikilaumiwa nitalaumiwa mpaka lini?"

"Lakini unaumwa, mama."

"Kifua tu. Mvua zikiisha nacho kitaisha." Kisha akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Niahidi hutamwambia kwamba unajua. Mwanamume akijua mkewe anajua, nyumba inakuwa ndogo."

Nikaahidi. Ningefanyaje?

Wakati wa kuondoka Chiriku alimuuliza, "Bibi, unarudi lini?" Akamjibu, "Baba yako akimaliza kazi." Wala hakusema kazi ipi.

Njiani mtoto kalala mapajani, vioo vya gari vinatiririka maji. Nikamkumbuka Vipimo na lile tone lake.

Jumanne, 15 Aprili

Vipele vimekauka. Namkanda kwa mafuta ya kawaida. Chiriku anaimba huku nakanda, wimbo kautunga mwenyewe, maneno yote ni "bibi".

Jumatano, 23 Aprili

Bado mvua. Nguo haikauki, kila kitu kinanuka kabati.

Jumapili, 27 Aprili

Shemeji kapiga simu asubuhi. Mama hali chakula. Kapelekwa hospitali, kapewa dawa, karudishwa. Nilimwambia mume wangu. Akauliza, "Dawa gani?" Nikamtajia. Akabaki anatazama mvua.

Niliahidi sitamwambia, na sikumwambia. Nilichofanya ni hiki. Nilitoa boksi chini ya mguu wa meza. Nikairudisha meza pale pale ilipokuwa siku ile. Nikachemsha chai, nikamwita, nikamwekea kikombe mbele yake.

Aliweka kiwiko. Meza ikainama. Kikombe kikaanza safari, akakidaka kabla hakijafika ukingoni, chai ikamrukia vidoleni. Hakushtuka. Alibaki amekishika kile kikombe cha moto kama hakimuunguzi. Akaangalia chini ya meza. Akaniangalia mimi.

"Nilijua," akasema.

Nikamtoa kikombe mkononi.

"Mama Chiriku, nilijua tangu siku ile. Kila nikiuona mkono wa mtoto nauona huu mguu. Nilimwambia kesho. Mama aliniomba mara ngapi, nikamwambia kesho, kwa sababu ni meza yetu, haina mteja." "Nilipomfukuza nilitaka abishe. Angenibishia tu. Angesema ni wewe. Akakunja nguo!"

Miaka sita ya ndoa sijawahi kumwona analia. Analia kama mtu asiyejua kunavyofanywa, anakosea kosea. Nilikuja nimejiandaa kumchukia. Nimekaa naye na hasira yangu mwezi mzima nikiilea kama kichanga, na nilipoitafuta nikaikuta haipo. Nikamshika kichwa.

"Kamlete," nikamwambia.

"Nitamleta. Nitapiga magoti mbele ya watu wote."

"Usipige magoti. Kamlete tu."

"Nina kitanda cha harusi, kimebaki vanishi. Jumamosi nakikabidhi, napitiliza kwa mama."

Nilitaka kusema nenda sasa hivi. Nikaona nimempata nusu, nisije nikavuta kamba ikakatika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wamesema waliotutangulia, nami naingoja Jumamosi.

Jumatatu, 28 Aprili

Kabla ya kwenda kazini Baba Chiriku kapindua meza, kaunga mguu. Kaupima mara tatu. Nimeweka bakuli la maji juu yake, maji hayakulalia upande wowote. Chiriku kapiga makofi. Kamwambia, "Sasa mwite Bibi aione."

Nimempigia mama mkwe. Nilisema tu, "Mama, Jumamosi mwanao anakuja kukuchukua." Nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia anamwambia mke wa shemeji, "Nifulie lile gauni la bluu."

Jumamosi, 3 Mei

Vanishi haikukauka. Unyevu. Ukigusa inashika kidole. Mwenye harusi kakataa kitanda, kasema kikikauka ndio atakichukua. Mume wangu anasema Jumamosi ijayo bila kukosa. Nikamwambia, "Kiache, uende." Akasema harusi ya watu haisogezwi, akimaliza anakwenda na roho nyeupe.

Chiriku alikaa mlangoni na koti lake la mvua mpaka akasinzia.

Jumanne, 6 Mei

Mama mkwe kwenye simu: "Mwambie asiharakishe, mvua ni kali. Gauni lenyewe halijakauka." Akacheka kidogo. Hakukohoa. Nikafurahi kwamba hakukohoa.

Ijumaa, 9 Mei

Mama amefariki leo asubuhi.

Nilikuwa kwenye meza ya lebo. Vipimo ndiye aliyepokea simu, akanivua aproni kama mtoto.

Jumatatu, 12 Mei

Tumerudi kutoka maziko.

Mume wangu alifika kwa kaka yake Ijumaa ile ile mchana. Kitanda cha harusi alikiacha wazi karakana, hata mlango hakufunga. Shemeji anasema aliingia chumba cha nyuma, akaweka mkono ukutani, akaona maji yanamtoka vidoleni, akauliza, "Mama alilala hapa?" Na kaka yake, ambaye ni mpole, akamjibu, "Tulilala wote tulivyoweza."

Gauni la bluu lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa nyuma ya mlango.

Jumatano, 14 Mei

Chiriku anauliza kama alikokwenda Bibi kuna meza.

Jumapili, 18 Mei

Leo nimefungua kifurushi cha vitu vyake alichorudi nacho mume wangu. Nguo, chanuo, miwani yenye mkono mmoja. Katikati ya nguo, imeviringishwa kwenye kitambaa, chupa ya mafuta. Ile yangu. Lebo imekaa upande, nilikuwa sijajua kubandika. Haikufunguliwa.

Nikaifungua hapo hapo. Nilifanya kama alivyonifundisha Vipimo, nikadondosha nyuma ya mkono, nikasugua, nikanusa. Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu ya kuchacha, miaka miwili si mchezo. Yananukia kama siku niliyoyajaza. Mazima kabisa. Nikalia kwa sauti, wala sikujua nalilia nini, chupa au yeye.

Chiriku akaja mbio. "Ya Bibi?" Ndiyo, ya Bibi. Akakinga kiganja, nikammiminia, akajikanda mkono wake mwenyewe kuanzia kiwiko kushuka chini, taratibu, kama ninavyomfanyia. Kisha akatazama pale mezani alipokaa baba yake. Amekaa hivyo tangu turudi, hazungumzi, ndevu hazijanyolewa.

Akamwendea na mafuta yaliyobaki kiganjani. "Baba, na wewe nikupake? Inauma wapi?"

Mume wangu akafungua mdomo. Akatazama kifua chake, akatazama miguu, kama anatafuta kweli. Hakupata pa kumwonyesha. Akampa mikono yote miwili. Na Chiriku akaikanda ile mikono yenye sugu, kidole kimoja kimoja, anamwambia vumilia, itawasha kidogo halafu itaacha. Wakati anakandwa alikuwa anautazama mkono wa mtoto. Aliutazama muda mrefu, kovu lote, mwanzo mpaka mwisho.

Kisha akalaza kichwa mezani, mabega yakawa yanamtikisika. Meza haikutikisika.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zimekatika. Muuguzi akiniuliza nitamsomea hivi: kovu lipo, limelainika, mkono unajikunja vizuri.

Chiriku kaenda kucheza nje. Leo baba yake ndiye aliyemvalisha. Mikono mifupi.